Goti la Mama Mkwe na Fukwe Nne

Kabla ya yote: sikumzamisha mama mkwe wangu. Ninyi mnaoniuliza hivyo kila tukikutana kwenye baa za Nyawera, huku mmeshika chupa na kucheka, someni hii mpaka mwisho, maana kwa mdomo sitaisimulia tena. Picha mliyoiona kwenye simu ni ya kweli. Lakini yule anayeonekana miguu tu ni mimi.

Kwa wasiomjua: mama mkwe wangu anaitwa Maman Faida, ana miaka sabini na moja, na nyumba yake iko juu kabisa Kadutu, hapa Bukavu. Kuifikia unapanda ngazi za mawe na udongo themanini na kitu. Mwaka jana, wakati wa mvua, aliteleza kwenye ngazi hizo akaangukia goti. Mfupa haukuvunjika, ila goti liligoma kukunjika. Akabaki kule juu kama bendera. Misa anaisikilizia redioni, sokoni anawatuma wajukuu, na kila wanachomletea anasema kimeoza.

Kine wa hospitali, yule anayenyoosha viungo vya watu, alisema goti linataka mazoezi ndani ya maji. Siku kumi mfululizo, na maji yasiwe chini ya degre ishirini na nane. Tulimteremsha ziwani kwa kiti, vijana wanne wakibeba. Ziwa lilikuwa na ishirini na tatu. Goti likakakamaa palepale, na Maman Faida akatoa tusi la Mashi, lugha yetu, ambalo mimi, Mushi wa baba na mama, sikuwahi kulisikia. Maji ya moto ya njia ya Katana nayo ni yale ambayo watu wanaivishia mayai. Tukakwama.

Ndipo Bahati, mwanawe anayeuza vitenge Dar es Salaam, akapiga simu. "Muniletee mama. Huku bahari iko supu!"

Shida ilikuwa moja: nani atampeleka? Mke wangu Neema ni mkunga, na kazini walimnyima konji, yaani likizo. Mimi ni mwalimu wa hesabu, mwezi wa saba na wa nane sina kazi. Familia ilizunguka ikatafuta mtu mwingine yeyote, hata waliokufa wakafikiriwa, ikarudi kwangu. Sasa mnajua ilivyo kwetu: mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali sahani moja, wanasalimiana kwa mbali kama majirani waliogombania mpaka. Miaka kumi na minane ya ndoa, sura ya Maman Faida nilikuwa naijua kwa upande mmoja tu, wa kushoto.

"Utaenda weye," Neema aliniambia.

"Nimuogeshe mama yako?"

"Hautamuogesha. Utapima maji. Weye si prof ya mahesabu?"

Nikanunua kipima joto cha plastiki chenye umbo la samaki, kile cha maji ya watoto wachanga. Hakukuwa na kingine.

Bukavu mpaka Kigali

Tulivuka mto Ruzizi, pale mpakani, asubuhi, tukapanda basi upande wa pili. Maman Faida alikaa mbele nyuma ya dereva, mguu umenyooshwa njiani ili kila anayepanda auruke. Mimi aliniamuru nikae kiti cha mwisho kabisa. Kati yetu kulikuwa na abiria kama ishirini na watano, na hao ndio waliokuwa simu yetu.

"Mwambie yule papa wa nyuma, mama anauliza kama alikunywa chai," ujumbe ulifika ukipitia midomo kumi.

"Mwambieni nilikunywa."

Ukarudi mbele. Baada ya dakika mbili ukaja mwingine: "Anasema unadanganya."

Ndani ya msitu wa Nyungwe zile kona zilinishinda. Mtu mzima, mwalimu, nikaomba mfuko wa plastiki mbele za watu. Kutoka mbele kikaanza kuja kipande cha tangawizi, kikipita mkono kwa mkono, na kila mkono ukiuliza ni cha nani na kwa nini. Kilipofika kwangu basi zima lilijua mimi ni mkwe, mama yule ni mama mkwe, na tunakwenda kuoga baharini. Mwanamke mmoja wa Huye aliyekaa karibu nami alicheka mpaka akafuta machozi. Alisema hata kwao ni hivyo hivyo, na kwamba yeye miaka kumi na minane ya kukwepana hivyo ingeshamuua.

"Nitafuneje?" nikauliza.

"Tafuna kwa heshima," akasema.

Kigali mpaka Dar, na kuku wa Singida

Basi la pili lilijaa, vikabaki viti viwili vya pamoja. Maman Faida akavitazama vile viti, akanitazama mimi, kisha akapandisha kikapu chake cha chakula katikati yetu kama ukuta. Ndani kulikuwa na sombe, yaani kisamvu, bugali iliyopoa, na sambaza, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga. Tulivuka mpaka wa Rusumo harufu ikiwa imeshaingia mpaka kwa dereva. Kila nikisikia njaa, kipande cha bugali kilitokea juu ya ukuta bila neno.

Siku ya pili, mchana, kabla ya kufika Singida mjini, mkanda wa injini ulikatika. Dereva alishuka, akatazama, akapanda bodaboda akaenda zake kuutafuta mwingine. Tulikaa pale saa tano. Upepo, vumbi, na mashamba ya alizeti pande zote. Wanawake wa kijiji walituona wakaja na kuku wa kukaanga kwenye mabeseni, na mmoja wao akanisogelea kwa upole.

"Kaka, bibi yako hali? Mbona umemwacha na njaa?"

Nilishtuka kama niliyepigwa. Kwetu Bukavu, bibi ni mke. Mama huyu amenikuta barabarani na mama mkwe wangu, na tayari ameshatuoza!

"Hapana, mama! Huyu si bibi yangu! Asikie Mungu!"

"Kha! Unamkana bibi yako mbele za watu?"

"Bibi yangu nilimuacha Bukavu!"

"Basi huyu ni bibi wa nani?" Watu wakaanza kusogea. Mzee mmoja abiria akasema vijana wa siku hizi hawana haya, bibi anakulea, ukikua unamkataa kwenye vumbi. Nami nikazidi kuapa, na kila nilivyoapa niliharibu zaidi, mpaka nikasema, "Siwezi hata kumshika mkono!" Hapo hata wale wa kuku wakarudi nyuma na mabeseni yao.

Maman Faida ndiye aliyeelewa kwanza. Aliishi Uvira utotoni kwa wafanyabiashara wenye asili ya pwani. "Bibi kwao ni koko," alisema kutoka dirishani. "Wanasema miye ni koko yako, wewe mujinga." Halafu akacheka. Sikuwahi kusikia kicheko chake kwa karibu. Ni kicheko kikubwa, cha mtu mnene, na yeye si mnene. Akanunua kuku mzima, akala nusu akiwa amenigeuzia mgongo, nusu akaipitisha juu ya kikapu.

Kigamboni

Bahati alitupokea, akatulaza kwake, na asubuhi iliyofuata tukavuka kwa pantoni kwenda Kigamboni. Shemeki yangu huyu ni mtu wa maneno mengi. Njia nzima alikuwa akimwambia mama yake kwamba ataingia majini na kutoka ameiva.

Tulipofika kulikuwa na upepo uliotaka kutuvua nguo. Nikakunja suruali, nikaingia mpaka magotini, nikazamisha samaki wangu. Nikahesabu mpaka sitini. Ishirini na tano.

Nikamtikisa. Nikamzamisha tena. Ishirini na tano.

Mlinzi wa pale, kijana aliyevaa koti zito, alikuwa ananitazama. "Mzee, unatafuta nini?"

"Maji ya moto."

"Mwezi wa saba? Hiki ni kipupwe, mzee. Upepo wa kusi huu. Maji ya moto njoo Februari."

Mimi ni mwalimu wa hesabu, basi hesabu ilijifanya yenyewe kichwani. Siku tatu za barabara, nchi tatu, matapishi, kukana bibi hadharani. Yote kwa ajili ya degre mbili zaidi ya ziwa letu.

Maman Faida hakuuliza samaki amesema nini. Aliinama kwenye kiti cha plastiki, akaingiza kiwiko ndani ya wimbi lililofika, kama mama anavyopima maji ya mtoto. "Ni ziwa yetu, balitia paka chumvi," akasema, yaani ni ziwa letu lililotiwa chumvi tu. Wimbi lililofuata halikuwa na adabu. Lilikichukua kiti na yeye juu yake, likamsogeza mita mbili, likamwaga. Bahati alikimbia akamnyanyua. Mimi nilikimbia pia, nikafika, nikasimama na mikono hewani kama askari wa barabarani.

"Bahati," alisema akitema mchanga, "supu yako ilipoa."

Bagamoyo

Mtu alimwambia Bahati kwamba Bagamoyo maji ni mafupi, basi jua linayapasha. Hilo ni kweli. Ni mafupi sana. Bahati alibaki dukani, tukaenda wawili, mama mbele ya gari, mimi nyuma. Tulifika saa nne asubuhi na bahari imeshakwenda mbali, imeacha tope la kijivu lenye kung'aa. Pale mwanzo wa maji samaki wangu alisema ishirini na nane! Nikapiga kelele ya furaha, watu wakageuka.

Ila ishirini na nane hiyo ilinifika kwenye vifundo vya miguu. Ili yakufike magotini ilibidi utembee karibu mita mia tatu. Maman Faida akasema twende. Nikamwambia tope. Akasema alizaliwa kwenye shamba la muhogo, tope halimtishi. Alikwenda hatua kama hamsini kwa fimbo yake, nami nyuma, kwa umbali wa heshima. Kisha fimbo ikabaki chini yeye akiwa ameshasogea, mguu mzuri ukazama mpaka nusu ya muundi, na ule mbaya, usiokunjika, ukabaki umenyooka mbele kama bomba. Hakuweza kwenda wala kurudi.

"Nashikwa," alisema.

Nilikuwa karibu naye hatua mbili. Nawaapia, mikono yangu ilitaka kwenda. Haikwenda. Niliita watu. Walikuja wanaume wawili waliokuwa wanapaka boti rangi, wakamshika kwapani bila kuuliza kabila wala ukoo, wakamng'oa kama muhogo, wakamketisha mchangani. Mama mmoja muuza supu ya pweza akamletea maji ya kunawa na bakuli. Maman Faida alichungulia, akaona mkono wa pweza wenye vikombe vyake, akafunika bakuli kwa kiganja.

Hakuniangalia mpaka tulipokuwa tunaondoka. Ndipo akasema, akitazama barabara: "Bantu hata sibajue banishika. Weye unashika samaki ya plastiki."

Nilimfuta samaki kwa shati, nikamtia mfukoni.

Kendwa

Siku iliyofuata Bahati alitukatia boti ya Unguja. Kwenye boti niliugua tena, na safari hii hakuna tangawizi iliyokuja. Nilielewa.

Kendwa ni pazuri, sitaki kusema uongo. Maji hayakimbii kama Bagamoyo, unaingia wakati wowote. Yametulia, mchanga laini, unaona kucha za miguu yako. Ukitaka kuoga kwa raha tu na goti lako ni zima, nenda huko. Maman Faida alipowaona Wazungu na vile vipande vya nguo, alitoa rozari. "Weye Papa Asifiwe," aliniambia, maana mimi ananiita kwa jina la mtoto wangu wa kwanza, "macho yako ibaki paka ku samaki." Samaki alisema ishirini na sita. Mzungu mmoja mzee, mwekundu kama nyanya, aliyekuwa anaelea pale tangu tulipofika, aliniinulia kidole gumba kuonyesha maji ni ya moto kabisa. Kila mtu na baridi yake.

Aliingia akiwa ameshikiliwa na mhudumu wa kike wa nyumba tuliyofikia. Alikaa dakika nne. Nilimwona anafumba macho, anauma mdomo, kisha goti likakaza, akalia. Si kwa sauti. Alilia jinsi watu wazima wanavyolia wakidhani wamegeuka upande ambao hauonekani. Alitolewa, akakaa na kitenge mabegani, akasema kwa Mashi, bila kunitazama, kwamba nimrudishe kwake akafie ngazini.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikamtupa samaki kwenye pipa la taka. Baada ya muda nilirudi nikamtoa, nikamwosha. Kabla ya basi la kurudi tulikuwa tumebakiza siku kumi na moja.

Paje

Dereva aliyekuja asubuhi kutupeleka bandarini aliitwa Haji. Aliona mguu wa mama umelazwa kwenye kiti cha nyuma, akauliza. Nikamweleza yote, na degre zake. Akabadilisha gia, halafu akasema: "Mama yangu analima mwani Paje. Magoti yake ni mabovu kuliko ya wote. Na kila siku anaingia majini. Mbona hamkumuuliza mwanamke anayefanya kazi humo?"

Nikageuka nyuma. Maman Faida aliinua mabega. Haji akakata kona.

Tulifika Paje saa nne na nusu asubuhi na bahari haikuwepo. Nasema kweli, ilikuwa imehama. Mchanga mweupe, vidimbwi, vijiti vilivyopangwa mistari na kamba za mwani, na mbali kule mstari mweupe wa mawimbi. Mama yake Haji, Bi Mize, alikuwa amekaa kwenye kidimbwi, nguo zimelowa mpaka kiunoni, anafunga mwani kwenye kamba. Mwanamke wa kama miaka sitini, mweusi tii, ana sauti ya mtu aliyezoea kushindana na upepo.

"Mnatafuta maji ya moto," alisema baada ya Haji kumweleza. "Mnayatafuta saa ngapi?"

"Asubuhi zaidi, kabla ya jua kali," nikasema.

"Nani kakwambia asubuhi? Wewe maji ya moto unayafuata? Maji ya moto yanangojwa."

Akatueleza. Siku zile zilikuwa za bamvua, wakati bahari inapokupwa sana asubuhi na kuacha mchanga wazi. Jua linauchoma mchanga ule kwa saa mbili tatu. Adhuhuri maji yanarudi, yanatambaa juu ya mchanga uliokwishapata moto, na yanafika ufukweni kama yametoka jikoni. "Kipupwe au si kipupwe," alisema. "Kaeni hapo."

Tukakaa. Saa saba kasoro maji yakaja, bila wimbi, kama mtu anayemwaga beseni polepole. Nikamweka samaki. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Kwenye kidimbwi alichokaa Bi Mize, thelathini! Nilitaka kumwonyesha mama mkwe, lakini alikuwa ameshachovya kiwiko.

"Hii," alisema.

Bi Mize alimvalisha viatu vyake vya plastiki kwa sababu ya miiba ya baharini, wale wadudu weusi wanaofanana na nungu. Kisha akaniambia, "Haya, mshike mzee wako umpeleke kina cha kiuno. Mimi nina kazi."

Nikaanza kueleza mambo ya mkwe. Bi Mize alinisikiliza mkono kiunoni. "Huku kwetu mkwe ni mama tu," alisema. Lakini hakutulazimisha. Alifungua kanga yake ya pili, akaisokota kama kamba. "Wewe shika huku, yeye ashike kule. Mzunguke. Mungu ameridhika?"

Tuliingia baharini hivyo, mimi na mama mkwe wangu, na kanga katikati. Watalii walitupiga picha. Nilikuwa navuta, yeye anatembea. Nilikuwa nasimama, yeye anakunja goti kidogo, analinyoosha, anatukana. Siku ya kwanza dakika ishirini. Siku ya tatu saa nzima. Kila siku maji yalichelewa kidogo kurudi, nasi tulichelewa nayo. Goti lilianza kukunjika kama mlango wenye kutu.

Siku ya tano ilikuwa Jumapili. Bahati alivuka kutoka Dar kuja kumwona mama yake. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mlipodanganywa.

Niliwahi kusema kwenye basi, na nyumbani, na kwa kila aliyeuliza, kwamba najua kuogelea. Najua. Najua kuogelea kwa mtu wa Bukavu, ufukwe uko pale, unapiga mikono kumi unashika jiwe. Siku ile nilikuwa natembea kinyumenyume, kanga nimeizungusha kifundoni mwa mkono kwa kujiamini, namhesabia: moja, kunja, mbili, nyoosha. Nikarudi nyuma hatua moja zaidi kati ya mistari miwili ya mwani, na chini hakukuwa na chini. Ni mfereji wanaopitisha ngalawa za kubebea mwani. Maji ndani yake yalikuwa yanakwenda mbio. Nikaingia kichwa chini, miguu juu, chumvi puani. Nilipiga mikono kumi. Hakukuwa na jiwe.

Kitu pekee nilichokuwa nacho ni kanga, na mwisho wa pili alikuwa ameushika mwanamke wa miaka sabini na moja mwenye goti bovu.

Hakuiachia. Bi Mize aliyeona alinisimulia baadaye: alichimbia miguu yote miwili mchangani, akachuchumaa, akavuta kama anayemng'oa ng'ombe shimoni. Kanga ilipomletea mkono wangu aliiacha akanishika mimi. Kwanza ukosi, ukachanika. Halafu sikio. Kwa sikio ndiyo nilitoka. Na Bahati kule ufukweni, akidhani tunacheza, alikuwa anapiga picha na kuituma kwenye kundi la familia: mama yuko majini, mkwe anapiga mateke. Mtandao ukakatika kabla hajaandika maneno. Bukavu mkaandika yenu.

Nilikohoa mpaka nikaona nyota. Nilipofungua macho nilikuwa nimepiga magoti ndani ya maji, na mkono wa mama mkwe wangu uko shingoni mwangu, umenikamata kama mwizi. Tulitazamana. Kwa mara ya kwanza niliuona upande wa kulia wa uso wake. Una kovu dogo karibu na jicho.

"Ulisema unajua kuogelea!"

"Najua ya ziwa, Maman."

Hakuutoa mkono. Aliutazama, akatazama juu mbinguni, akangoja. Hakuna kilichotokea. "Basi," alisema. "Imekwisha kuguswa. Mungu ameona, na ameendelea na kazi yake."

Kisha akatazama chini, kwenye maji yale maangavu, na nami nikatazama. Alikuwa bado amechuchumaa. Goti lilikuwa limekunjika lote.

Siku ile tulikula kwa Bi Mize, mkeka mmoja, sinia moja, wali na pweza wa nazi. Maman Faida alikula pweza. Alisema ana ladha ya mguu wa kuku uliosoma. Kisha akanisogezea minofu.

"Miaka yote hii nilifikiri uko na kiburi," aliniambia. "Unasimama kule mbali, hausemi kitu. Kumbe uko paka muoga."

"Ni heshima, Maman."

"Heshima ya kusimama mbali hata mbuzi iko nayo. Kula."

Siku mbili baadaye bamvua ilikwisha, maji yanayorudi yakapoa, samaki akasema ishirini na saba. Tukafunga mizigo. Kine alitaka siku kumi, alipata saba.

Kurudi

Njia ya kurudi sina mengi. Basi halikuharibika, jambo lililonishangaza. Tulikaa viti vya pamoja, kikapu kikiwa juu mahali pa mizigo, naye alilala begani kwangu kuanzia Morogoro mpaka Dodoma, na bega langu halikufa ganzi bali liliuma. Nyungwe nilitapika.

Bukavu walikuwa wanatungoja, na vijana wanne wakampandisha mama kwa kiti kama kawaida. Tonton Gervais, kaka wa marehemu baba mkwe, alikuwa ameitisha kikao sebuleni kwa Maman Faida kule Kadutu. Wazee sita walikuwa wamekaa kwenye viti vyote vizuri. Yeye mwenye nyumba wakampa kigoda. Mimi nilisimama mlangoni. Simu ilizungushwa, wakaitazama picha mmoja mmoja, kila mzee akavaa miwani.

"Mukwe ameshika mama-mukwe," Tonton alisema. "Tena ndani ya maji. Hatuulize alitaka kumuzamisha ao hapana, hiyo itajulikana. Lakini desturi iko desturi. Ataleta mbuzi."

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Nilikuwa tayari nafikiria mbuzi wa nani. Maman Faida akainuka. Kutoka kwenye kigoda kile kifupi, bila fimbo, bila mkono wa mtu, aliinuka kama msichana aliyeitwa nje. Tonton alibaki na mdomo wazi, simu mkononi.

"Gervais," alisema, "yeye hakunishika. Miye njo nilimushika, na sikio yake. Kama kuna mbuzi, iko ya kwangu. Na sasa sina mbuzi, niko na wageni, na hakuna mboga."

Akavaa kandambili, akatoka.

"Anaenda wapi?" Tonton aliuliza. Hakuna aliyejua. Kwa zaidi ya mwaka mzima hakuna aliyemwona akitoka mlango ule kwa miguu yake. Neema alinitazama, nami nikakimbia nje.

Zile ngazi nilizishuka kwa tahadhari, maana mvua ilikuwa imenyesha, nikishika ukuta wa jirani kila kona. Nilidhani nitamkuta katikati, amekwama, ananisubiri. Hakuwepo. Nilipofika chini pumzi ilikuwa imeniisha. Alikuwa ameshafika kwenye meza ya muuza sambaza, anainua mmoja kwa mkia, anamwambia mwenye meza kwamba samaki huyu amekufa mara mbili.

Aliniona, akanipa mkono nimsogeze pembeni pikipiki ipite. Nikaushika.